Utando wa Buibui

Mimi nilikuwa mlangoni, nikikata tiketi kwa wembe.
Shilingi tatu, wanawake mbili,
askari bure
kwa sababu hawakuuliza bei.

Wanaokuja siku hizi na vinasa sauti vidogo kama njugu
wanataka kujua Mafiga walianzaje.
Walianza kwa wizi, nawaambia.
Chedego Mhawi aling'oa nyaya za breki
kwenye baiskeli ya katekista, akazifanya nyuzi.
Gitaa lenyewe lilikuwa debe la mafuta ya karanga kutoka Kongwa;
ukilipiga juani, mbwa wanasogea.
Elia Masinga, besi. Mchana alikuwa stesheni
na nyundo ya mpini mrefu, akigonga magurudumu ya mabehewa
moja moja, akisikiliza lipi lina ufa.
Salimu Ijengo, Mrangi wa Kondoa, ngoma.
Watatu basi. Chungu hakidai jiwe la nne.

Amplifaya waliazima ofisi ya kata.
Ilizoea hotuba. Gitaa lilitoka humo safi mno,
kama mtu aliyetoka kuoga akakosa pa kwenda.
Chedego akanuna wiki nzima.
Kisha akakumbuka ilimba ya mjomba wake kule Buigiri,
ile inayonguruma puani:
akaenda nyuma ya mlango wangu, akabandua ukutani
utando mweupe ambao buibui hufunikia mayai yake,
akatoboa spika
(spika ya kata!)
akaubandika pale kwa mate na ulimbo.

Sauti ikachanika.
Nimejaribu kuieleza miaka hamsini.
Nyuki ndani ya sufuria. Hapana.
Mtama kwenye kikaango, halafu mtu anauita kwa jina.
Chokaa ya ukumbi ilidondoka juu ya nywele zetu,
vijana wakasimama wasijue miguu waipeleke wapi,
ila mabega yalijua,
mabega yalikuwa yanajua tangu kwa bibi zao.

Mwaka ule mvua iligoma na wao hawakugoma.
Mpwapwa. Manyoni. Itigi juu ya lori la chumvi.
Pale Saranda dereva wa treni alichelewa makusudi
akasingizia maji ya injini.
Mchungaji alihubiri dhidi yao Jumapili mbili;
ya tatu, kinanda chake kilikuwa na utando.

Halafu Dar. Fundi wa studio, koti jeupe,
akainama, akasema, "Spika yenu chafu,"
akaifuta kwa kitambaa chake mwenyewe.
Walirekodi nyimbo nne, safi.
Nasikia juu ya utepe ule baadaye zilisomwa bei za korosho.
Sikusikitika sana.

Salimu alikwenda vitani, akarudi
mkono wa kushoto ukitetemeka nje ya mapigo.
Elia wakamhamishia Tabora.
Chedego alilima zabibu Hombolo, akazinywa.
Hakuna aliyetangaza mwisho; mimi tu
nilibaki na kitabu cha tiketi, kurasa kumi na tisa.

Kwaya ya Hombolo, besi huingia nukta moja kwa kuchelewa,
kama anayesikiliza chuma kabla ya kukiamini.
Waulize kwa nini. Watasema, ndivyo inavyoimbwa.

Na mwezi uliopita, Ipagala, nyuma ya gereji la kuchomelea,
kijana mmoja, Lameki, hana hata masharubu,
alikuwa amechana mfuko wa plastiki
akaufunga mbele ya spika kwa mpira wa mkoba.
Nikamwuliza, hicho cha nini?
"Bila hiki, bibi, haisikiki kama hapa."
Nani kakufundisha?
Akafikiri. Akainua mabega.

Sikumwambia kitu.
Nilisogea mlangoni, miguu inajua mahali pake.
Mtoto wa kike alikaa pale na ndoo ya hela.
Elfu mbili, akasema, ila wazee bure.
Lakini mimi nilikuwa nimeshauliza bei,
kwa hiyo nikalipa.